Choya Katika Mashamba ya Mto Tana: Faida Yake na Hatari Zake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Garissa. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao walikuwa zamu wasiweze kufika.)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme habari ya kilimo. Labda wengine wenu mnacheka moyoni, mkisema, watu wa reli wanajua nini juu ya shamba? Tena watu wa reli katika Garissa, mji usio na reli! Ni kweli. Tarehe 2 Machi 2012 wakuu wa nchi jirani walikutana Lamu na Rais wetu wa wakati ule, wakazindua kazi ya bandari mpya, barabara na reli itakayopita hapa Garissa. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, lakini mluzi wa gari la moshi haujasikika hapa bado. Basi sisi tuliozaliwa ukingoni mwa mto huu tulikwenda kuitafuta reli huko iliko, Nairobi na Mombasa, na mwisho wa mwezi twatuma kidogo nyumbani.

Na hilo ndilo neno lililotuleta. Mshahara hutumwa, nao huliwa. Siku kazi inapokwisha, mtu hurudi nyumbani na kiinua mgongo chake, naye hajui akitie wapi. Wazee wetu wa reli walilijua hilo wakati reli ilipokodishwa kwa kampuni mwaka 2006, na maelfu wakapunguzwa kazini. Wengine walinunua matatu ya zamani, wengine walifungua duka, wengine walimwamini mtu mwenye maneno matamu. Baada ya miaka miwili wengi walikuwa hawana fedha wala kazi. Sisi tulikuwa vijana wakati ule, tukaona kwa macho yetu.

Kwa hiyo leo tutasema habari ya mmea mmoja ambao watu wanausifu sana, nao ni choya. Tutasema faida yake, na tutasema jinsi ulivyotutia hasara, ili kila mmoja apime mwenyewe.

MMEA WENYEWE

Mmea huu una majina mengi. Jirani zetu wa Tanzania huuita choya, na wengine rozela. Wenye maduka Nairobi husema hibiskasi. Wasudani na Wamisri husema karkade, watu wa Senegal husema bissap, na watu wa Jamaika, ambao hunywa maji yake wakati wa Krismasi, huuita sorrel. Sisi leo tutasema choya, maana ndilo jina jepesi kwa ulimi wetu. Msiuchanganye na yale maua makubwa mekundu yapandwayo kwa pambo mbele ya maofisi. Hayo ni jamaa yake, lakini si yeye. Jamaa zake wengine mwawajua sana: bamia na pamba.

Watu wengi hudhani kinachouzwa ni ua. Sivyo. Ua la choya hufunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile. Likisha kuanguka, kile kikombe kilicholishika hunenepa, huwa chekundu kama damu, na katikati yake hukaa tumba lenye mbegu. Kikombe hicho ndicho mali. Hukaushwa, na kikitiwa katika maji hutoa rangi nyekundu na ukali kama wa ndimu.

Wenye sifa kubwa ya choya katika Afrika ni wakulima wa Sudan, hasa wa Kordofan na Darfur. Wao hulima kwa mvua tu, katika mchanga, na mali yao kwa miaka mingi imepita Port Sudan mpaka Ulaya, ambako Wajerumani huichanganya katika chai zao za matunda. Tangu vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wakulima wale wamepata taabu kubwa. Hatusemi hivi kwa kufurahia msiba wa jirani. Twasema kwa sababu wachuuzi watawaambia kwamba sasa mlango uko wazi na kila mtu atatajirika. Ndugu, mlango ukiwa wazi, yafaa kwanza kuchungulia.

HABARI YETU BILA KUFICHA

Mwaka 2021 tulikuwa watu watano: watatu wa reli, mmoja dereva wa lori, na mmoja mlinzi wa shule. Tulikuwa na shamba la jamaa, ekari moja na nusu, ukingoni mwa mto. Akaja mtu mmoja mwenye viatu vizuri na karatasi zenye picha. Hatutamtaja yeye wala kampuni yake. Alisema atatuuzia mbegu, na mavuno yote atayanunua yeye. Karatasi ilisema tutapata kilo 500 kavu. Sisi tuliosoma shule ya misheni tulifundishwa kujumlisha na kutoa, lakini siku ile tulijumlisha tu, hatukutoa hata senti moja. Hatukutoa bei ya mafuta ya pampu, wala magunia, wala mshahara wa wachumaji.

Tuling'oa mahindi na kunde tukapanda choya shamba zima. Ilikuwa Oktoba, na mvua za mwaka ule zilikataa, kama zilivyokataa majira matano mfululizo mpaka mwisho wa mwaka 2022. Pampu ikafanya kazi karibu kila siku, na mafuta yakala fedha zetu. Februari na Machi tulichuma. Tulianika juu ya maturubai chini mchangani, upepo ukavuma kama mnavyoujua upepo wa hapa. Mwisho tulipima kilo 96 kavu. Tukapiga simu. Simu ya bwana yule ilikuwa imefungwa, na mpaka leo haijafunguliwa.

Mmoja wetu alichukua gunia akaenda nalo Nairobi. Mwenye duka mmoja alitia konzi moja katika bilauri ya maji, akangoja, kisha akatuonyesha mchanga chini ya bilauri. Akauliza, "Hii ni ya kunywa au ya kujengea?" Tukarudi na gunia letu.

Aliyetuokoa ni shangazi yetu, ambaye hakuingia hata darasa la kwanza. Alituambia, "Wanangu, mmelima kinywaji, kisha mkakaa kumngoja mgeni aje akinywe. Hapa hapa Garissa watu wana kiu." Akaosha choya mara tatu, akailoweka usiku kucha, akatia tangawizi, iliki na sukari, akapoza. Ramadhani ya mwaka 2022 ilianza mwanzo wa Aprili, na jua mwalijua. Akaweka meza karibu na stendi ya mabasi kabla ya magharibi, watu wakanunua kwa ajili ya futari. Mwisho wa mwezi ule gunia tatu zilikuwa zimekwisha, na tulikuwa tumerudisha sehemu ya fedha zetu. Hatukupata faida mwaka ule, lakini tulipata akili.

HOLA NA PAMBA

Tuliporudi kazini tulizungumza na wazee juu ya jambo hili. Mzee mmoja akasema, "Si ninyi wa kwanza kudanganywa na zao moja katika mto huu."

Akatukumbusha Hola. Mradi wa kumwagilia maji pale ulianza mwaka 1953, na mifereji yake ilichimbwa na mahabusu wa siku za Hali ya Hatari. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa na askari mpaka wakafa, kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ikasema kwanza kwamba walikufa kwa kunywa maji. Kila mfanyakazi yafaa aijue tarehe hiyo, maana mto huu una damu ya watu waliokataa kufanyishwa kazi kama punda.

Baadaye Hola ikawa mahali pa pamba. Wakulima walilima zao waliloambiwa, wakauza mahali walipoambiwa. Kisha mwaka 1989 mto Tana uliacha njia yake, na pampu ikabaki mahali pakavu. Hapakuwa na maji, na pasipo maji hapakuwa na pamba. Watu waliokuwa wakitegemea pampu moja, zao moja na mnunuzi mmoja walikaa miaka mingi na taabu. Mzee akasema, "Mto ni mgeni. Hukaa kwako leo, kesho yuko kwa mwingine." Maneno hayo tuliyaandika katika daftari.

NAMNA YA KULIMA

Sasa tuseme namna ya kulima, kama tulivyojifunza kwa miaka hii.

Kwanza, ukubwa. Anza na robo ekari, si zaidi. Zile nyingine zibaki na mahindi, kunde, ndizi na mboga. Choya ni zao la kuongeza, halimlishi mtoto ugali.

Pili, mahali. Choya hupenda jua na joto, na hivyo tunavyo tele. Hapendi maji yanayosimama, maana mizizi huoza. Chagua udongo wa mto unaopitisha maji, mahali palipoinuka kidogo. Usipande pale ulipotoa bamia au pamba karibuni, kwa kuwa wadudu na minyoo ya mizizi ni wale wale, nao wanangoja.

Tatu, mvua. Mvua za Garissa katika mwaka wa kawaida hazifiki milimita 500, na choya ya mvua tupu huhitaji kadiri hiyo, tena igawanyike vizuri katika miezi mitatu au minne. Basi mtu asiye na maji ya mto au bwawa asidanganyike. Sisi twapanda wakati wa mvua ili mvua isaidie pampu. Mche ukiwa mdogo twamwagilia mara kwa mara. Ukisha kushika, maji mara moja kwa juma kwa mifereji hutosha mara nyingi. Vikombe vinapokomaa twapunguza maji.

Nne, mbegu. Twatia mbegu mbili au tatu katika shimo, kina cha sentimita mbili au tatu. Kati ya mistari twaacha sentimita 75, na kati ya mashimo sentimita 50. Miche ikifika kimo cha kiganja, twabakiza mmoja ulio bora. Mbegu za mwaka ujao twaweka wenyewe kutoka kwa mimea mizuri. Tangu mwaka ule wa kwanza hatujanunua mbegu tena.

Tano, samadi. Hapa kwetu samadi ya mbuzi haina taabu, lakini usiifanye kuwa kitanda. Ukizidisha, mmea huwa na majani mengi na vikombe vichache, kama karani mwenye kalamu nyingi asiyeandika barua. Palilia vizuri majuma sita ya kwanza. Baadaye choya hujifunika mwenyewe, hufika kimo cha mtu, na magugu hushindwa.

Sita, wanyama. Mbuzi wapenda majani ya choya kuliko sisi tunavyopenda kikombe. Ua ni lazima, na miti ya mathenge, ambayo imetuvamia kila mahali, yafaa kwa kazi hiyo ikikatwa. Lakini hapa tulikosa, nasi tunaungama. Tulipanga miiba mpaka tukaifunga malka, njia ya mifugo ya kwenda mtoni. Siku ya tatu akaja mzee mmoja Msomali, mwenye ng'ombe wengi, akasimama na fimbo yake. Akasema, "Vijana, ng'ombe wangu hawajui kusoma, lakini njia hii waijua. Walipita baba zenu na mitungi, walipita baba zetu na mifugo. Mkiifunga, mtalima leo na kupigana kesho." Tukamjibu, "Mzee, tumekosa, utuwie radhi." Jioni ile ile tuliuhamisha ua. Watu wamekufa katika mto huu kwa ajili ya malka na mashamba. Hakuna choya yenye bei ya kulipia roho ya mtu. Sasa mzee yule hutuletea samadi, nasi humpa mabua na mabaki kwa ajili ya mbuzi wake.

KUCHUMA NA KUANIKA

Tangu kupanda mpaka kuchuma ni miezi minne au mitano. Kikombe huwa tayari majuma mawili au matatu baada ya ua kuanguka, kingali laini na kuvunjika kwa urahisi. Ukichelewa huwa kigumu kama kamba. Huchumwa kwa mkono, kimoja kimoja, na mmea mmoja huchumwa mara nyingi, maana havikomai vyote siku moja.

Kisha lile tumba la mbegu lapaswa kutolewa. Hapa ufundi wa reli ulitusaidia. Twachukua kipande cha bomba jembamba la chuma, twanoa ukingo wake mmoja, twausukuma chini ya kikombe, na tumba hutoka juu likiwa zima, na kikombe hubaki kama kofia. Bomba lisiwe na kutu wala rangi.

Kuanika ndiko kunakomtenga mkulima na mchezaji. Tumetengeneza vitanda vya miti vyenye kimo cha kiuno, juu yake wavu safi, na kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Vikombe hutandazwa mara moja tu, visirundikane. Mkono unaoanika huoshwa. Mbuzi, kuku na watoto hukaa mbali. Hewa ya Garissa ni kavu, na hiyo ni bahati ambayo mkulima wa mahali pa umande hana. Kikombe kikikauka vizuri huvunjika kidoleni. Hapo hutiwa katika magunia safi na kufungwa, mbali na sakafu na mbali na mafuta ya taa.

Mpaka hapo mkumbuke hesabu hii: kilo kumi mbichi hutoa kilo moja kavu, pengine pungufu. Na wakulima wa mvua wa Sudan, waliozaliwa katika kazi hii, mara nyingi hupata chini ya kilo 100 kavu kwa ekari. Sisi kwa maji ya mto tumepita hapo kidogo, lakini zile kilo 500 za karatasi hatujaziona hata katika ndoto.

MIKONO INAYOFANYA KAZI

Ndugu, sasa twafika mahali pagumu. Katika choya, kulima si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuchuma na kutoa matumba, na mikono inayofanya kazi hiyo, hapa na Sudan na kila mahali, ni ya wanawake na watoto.

Mwaka wa pili tuliwaita akina mama kumi. Tulipatana nao kuwalipa kwa kilo kavu. Waliposikia walikubali, maana hawakujua, na sisi pia hatukufikiri, kwamba kilo moja kavu ni ndoo nzima ya kazi. Baada ya siku nne waliweka mabomba yetu chini, wakakaa chini ya mwembe. Mama mmoja alisimama akasema, "Ninyi wanangu ni watu wa chama. Mwajiri wenu akiwapimia saa zenu kwa mizani ya aina hii, mngefanya nini?"

Tulitazamana. Tungegoma! Na wao walikuwa wamegoma, nasi ndio tuliokuwa mwajiri.

Tulikaa nao chini ya mwembe ule ule, tukafanya mapatano mapya: malipo kwa siku, saa za kazi zijulikane, chai na maji viwepo, na mtoto wa shule asionekane shambani siku ya masomo. Faida yetu ilipungua. Lakini kama zao haliwezi kumlipa anayelichuma, basi hilo si zao la faida, ni hesabu ya uongo. Hatuwezi kudai haki mjini na kuisahau shambani.

NAMNA YA KUTUMIA

Tusije tukalima kitu tusichokijua kukinywa. Osha choya kavu haraka kwa maji safi. Konzi moja yatosha lita moja na zaidi. Iloweke usiku katika maji ya baridi, au ichemshe dakika chache na kuifunika. Chuja, kisha tia tangawizi, iliki au mdalasini, na sukari kidogo. Usitumie sufuria ya alumini, maana ukali wa choya hula madini hayo. Chungu cha udongo, chombo cha pua au cha kioo hufaa.

Vikombe vibichi vikipikwa na sukari hufanya jamu nzuri inayoshikana yenyewe. Majani machanga huliwa kama mboga yenye uchachu, nayo hupendeza pamoja na samaki wa mto. Mbegu zina mafuta. Mabua makavu hupikia.

Habari ya dawa twapenda kuisema kwa hadhari. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitoa habari ya uchunguzi wa watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya choya kila siku kwa majuma sita, presha yao ilishuka kiasi kuliko ya wale waliopewa kinywaji kingine. Hiyo ni habari njema, lakini haikusema mtu aache vidonge vyake. Mwenye presha aendelee na kliniki na amwambie daktari anachokunywa. Mama mwenye mimba naye aulize kwanza. Mchuuzi atakayewaambia kwamba choya huponya kila ugonjwa, mwambieni awauzie mwenzake.

MAFURIKO NA BARABARA

Labda mwauliza: kwa taabu yote hii, mbona bado mnalima? Tutawajibu kwa habari ya Novemba 2023.

Mwajua wote yaliyotupata. Baada ya ukame wa miaka, maji yalikuja kwa hasira. Mto ulipanda, mashamba yakawa ziwa, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo. Na Aprili 2024 maji yalirudi, na watu wetu walizama katika mashua huko Kona Punda. Mungu awarehemu.

Sisi tulipoteza pampu, ua, na migomba. Jirani yetu alikuwa na nyanya zilizoiva. Zile ambazo maji hayakuzifika zilioza katika makreti, maana lori halikupita. Nyanya haimngoji mtu. Lakini mavuno yetu ya Septemba na Oktoba yalikuwa makavu, gunia nne, juu ya dari ya nyumba ya shangazi kwenye ardhi ya juu. Barabara ilipofunguliwa tuliyapeleka Nairobi yakiwa kama siku tuliyoyafunga. Yule mwenye duka wa bilauri alitia tena konzi katika maji. Akangoja. Akatazama chini ya bilauri. Kisha akauliza, "Mnazo gunia ngapi?"

Fedha zile zilinunua pampu nyingine, ndogo, na karo ya watoto wawili wa mwenzetu. Hatukutajirika. Lakini baada ya gharika ile, katika mashamba ya ukingo wetu, sisi tulikuwa na cha kuuza. Kwa sababu hiyo bado tunalima. Garissa ni mbali na soko, zaidi ya kilomita 350 hadi Nairobi, na kitu chepesi kinachokubali kungoja kina thamani kwa watu wa mbali.

KUUZA PAMOJA

Jambo la mwisho ni soko. Mtu mmoja mwenye gunia moja ni kama mfanyakazi mmoja mbele ya mwajiri: hupewa bei, haulizwi. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli Mombasa walisimama pamoja katika mgomo mkubwa, nao waliokuwa hawasikilizwi mmoja mmoja wakasikilizwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kuuza mazao ni vivyo hivyo. Wenye robo ekari ishirini, wenye usafi wa namna moja, mizani moja na daftari moja, waweza kuongea na mnunuzi.

Na kabla ya mnunuzi wa mbali, tuanze na kiu ya hapa. Mji huu una joto, una Ramadhani, una arusi, una stendi ya mabasi na soko kubwa la mifugo lililojaa watu waliokauka koo. Soda hutoka mbali, na choya hutoka hapa mtoni.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano ufikirie mambo haya manne:

1. Mwanachama yeyote asitie kiinua mgongo chake katika choya. Aanze na robo ekari, kwa fedha ambazo zikipotea watoto watakula bado.

2. Asinunue mbegu kwa mtu anayeahidi kununua mavuno, mpaka mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi, na kusomwa na Katibu wa tawi.

3. Wenye kulima wafanye chama kidogo cha ushirika, chenye mweka hazina na daftari lililo wazi kwa kila mwenye hisa, maana mali bila daftari huisha bila habari.

4. Malipo ya wachumaji yaandikwe katika daftari hilo kabla ya faida ya wenye shamba, na malka zote ziachwe wazi.

Halmashauri ikikubali, sisi tuko tayari kutoa mbegu za kutosha wanachama ishirini, bure, kwa sharti moja: kila mmoja baada ya mavuno arudishe kipimo kile kile ampe mwingine. Na anayetaka kuona vitanda vya kuanikia aje Jumapili asubuhi. Shangazi atakuwapo, na bilauri zitakuwapo. Mtazame wenyewe chini ya bilauri kabla hamjatuamini.

 Umoja ni nguvu.